Mtani Hasadikiwi

Siku ya Tamasha la Mabibo niliamka kabla ya adhana, nikafagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia jana yake jioni. Nikachemsha chai, sikuinywa. Nikafunga kilemba, nikakifungua, nikafunga kingine, nikarudia kile cha kwanza. Mama akaniuliza kutoka ndani kama nimepandwa na shetani. Nikamjibu kwamba shetani ana nafuu, angeshuka nikapumzika.

Sababu niliijua. Nilikuwa nakwenda Ruangwa kumwambia Kasmiri kwamba nataka anioe.

Mtu asiye wa kwetu atauliza tatizo liko wapi. Mimi ni mtu mzima, nimeolewa nikaachika, sina wa kumwogopa. Kasmiri naye mkewe alirudi kwao Masasi zamani, wakaachana kwa amani, na tangu hapo anaishi na mama yake pale Nandagala. Tatizo ni kwamba Kasmiri ni mtoto wa shangazi yangu Mwamina, dada yake baba, na huku kwetu mtoto wa shangazi ni mtani wako. Binamu nyama ya hamu, wanasema, na kuoana ni ruhusa. Lakini mkishazoea kutaniana, maneno yenu yote yanakwisha uzito. Ukimwambia mtani wako nyumba inaungua, atakuuliza kama umeshabandika mihogo.

Ameniita mke wangu tangu hajaota ndevu. Mimi nimekuwa nikiwatangazia watu kwamba alilia jandoni mpaka ngariba akataka kumrudishia. Akija kwetu Chiola akakuta kuku jikoni, anakula paja bila kuomba, na mimi siruhusiwi kununa. Mtani akikununia mwenzake anatozwa faini, na faini yenyewe ni kuku. Kwa hiyo hata hasira inakula kuku.

Siku niliporudi kwa mama na godoro langu kichwani, baada ya mume wangu Ismaily kuniletea mke mwenzangu ndani ya nyumba bila hata kuniambia, kila mtu alininyamazia kama nimefiwa. Kasmiri akaja na pikipiki, akasimama mlangoni, akasema, "Mke wangu, ulichelewa wapi? Mboga imepoa." Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikala. Nadhani ilianzia pale. Ila mtu anayekuchekesha ni mgumu kumjua: unaweza kukaa miaka ukiamini unachopenda ni kicheko tu, na mimi nilikaa.

Aliyenishtua ni Raudha, mwenzangu katika kikundi chetu cha kina mama. Alikuja nikiwa napepeta mchele, akaniambia habari za sokoni: shangazi Mwamina amempatia Kasmiri mchumba, binti wa Mbekenyera anaitwa Samia, na mambo yote ni baada ya tamasha. Nilimwaga nusu ya mchele. Raudha akadhani nimeona nyoka.

Basi ndiyo hivyo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa linauma kweli.

Tulikodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha kutupeleka Ruangwa na vitu vyetu: sufuria za ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, kisamvu cha nazi, unga wa muhogo wa kusongea ugali hukohuko, na chupa za juisi ya mabibo. Kazi ya kuchemsha juisi ilikuwa yangu. Mabibo, matunda ya mkorosho, hayana subira: ukiyakamua asubuhi usiyachemshe vizuri, kesho yake yamechachuka, na juisi imekuwa ulevi. Mimi jana yake nilikuwa nachemsha huku nazunguka nyumba, naingia, natoka, napanga maneno. Tulipofika njia panda Raudha alifungua chupa moja anywe, ikamrukia usoni.

"Sofia, hii uliichemsha au uliionyesha moto tu?"

"Nilichemsha."

"Basi imechemka tena yenyewe." Akainusa, akairudishia kizibo haraka. "Astaghfirullah. Sheikh atatufukuza."

Wakati mwingine ningecheka. Siku hiyo nilimwambia dereva aongeze mwendo, na nilipomaliza kumwambia nikamwambia tena. Akaniuliza kama nataka kuendesha mimi.

Uwanja wa tamasha ulikuwa umejaa maturubai na vumbi. Kwa wasioelewa, tamasha lile lilikuwa la kusherehekea mvinyo wa mabibo, pamoja na vyakula vya kwetu na ngoma. Miaka yote tunanyonyoa korosho tunauza, mabibo tunayaacha chini ya mikorosho yaoze na nzi wake. Waliokuwa wakiyafanyia kazi ni wale wapika uraka, pombe ya mabibo, nao walikuwa wakikimbizwa na mgambo. Sasa uraka umevaa kizibo na karatasi ya dhahabu, unaitwa mvinyo, na mgeni rasmi anaupigia makofi. Sisi wa kikundi cha Chiola tulipangiwa meza ya juisi karibu na meza ya mvinyo, kwa hiyo kila aliyefika aliuliza kwanza, "Hii ya kwenu ina nguvu?" Sheikh wa mtaa alikuja kula ming'oko. Alikigeuza kiti akaupa mvinyo mgongo, akala sahani mbili kwa utulivu.

Eustakio, bwana mmoja wa kikundi cha mvinyo, alionja juisi yangu akakonyeza jicho. "Mama, nyie mmenishinda. Mimi yangu ilikaa miezi."

Tukamwachia chupa zote, Raudha akaona aibu kwa niaba yangu. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa nasimama, nakaa, nasimama tena, nachungulia kati ya vichwa vya watu. Nilimpa mteja kisamvu bila ugali, mwingine nikampa ugali bila sahani. Mwisho Raudha akanipokonya mwiko.

"Nenda huko unakotaka kwenda," alisema. "Hapa unaharibu biashara."

Kasmiri ni fundi wa kuchomelea. Mwaka ule alikuwa ameunda mashine ya kukamulia mabibo kwa vyuma chakavu na jeki ya lori, na waandaaji walimwalika aje akamulie mbele za watu. Mvinyo wenyewe hagusi. Nilimkuta amezungukwa, mikono imelowa, shati limeshaharibika kwa madoa ya mabibo yale yasiyotoka milele. Alikuwa anapiga jeki, maji ya njano yanachuruzika kwenye ndoo, watu wanashangilia.

"Mke wangu huyo!" akapaza sauti aliponiona. "Mpisheni, kaja kunifulia."

Maneno niliyopanga njia nzima yalikimbia. "Kasmiri, nina mazungumzo na wewe. Jambo la maana."

"Jamani nimekwisha. Anataka talaka."

Watu wakacheka.

"Sitaki talaka. Nataka unioe."

Hapo walipasuka. Mama mmoja alimwegemea mwenzake. Na kama vile shida haijatosha, mshereheshaji, kijana mmoja anaitwa Faridi, aliisikia ile kelele akaja mbio na kipaza sauti chake. "Oya oya oya! Rudia mama'angu, Ruangwa nzima isikie! Umesemaje?"

Nilikichukua kile kipaza sauti. Sijui nilikuwa nawaza nini. Labda niliona kwamba jambo likipita kwenye spika kubwa namna ile litapata uzito njiani.

"Mimi ni Sofia wa Chiola," nilisema, na sauti yangu ikarudi kutoka upande wa pili wa uwanja. "Namwambia binamu yangu Kasmiri wa Nandagala kwamba nimekubali kuolewa naye. Na si utani."

Lile la mwisho ndilo lililowamaliza. Hakuna mtani asiyeapa kwamba hatanii. Vigelegele vikapigwa, mzee mmoja akavua kofia akajipepea, Faridi akawa anaruka. Kasmiri akapiga goti kwenye matope ya mabibo, akachukua bibo moja jekundu akaniwekea mkononi.

"Mahari hiyo, mke wangu. Mashahidi mpo, asije akasema sikutoa."

Kicheko chake kilikuwa kifupi kuliko siku zote, hilo niliona, ila sikuwa na nafasi ya kulifikiria. Hasira zilinipanda. Nilimtupia lile bibo kifuani, nikapiga kelele, "Nyamaza! Nyamazeni wote! Hamna masikio?"

"Kanuna!" mzee wa kofia akadakia. "Kamnunia mtani! Faini!"

"Kuku! Kuku!" wakaitikia wengine.

Faridi akatangaza kwenye spika kwamba Sofia wa Chiola anadaiwa kuku, alipe kabla jua halijazama. Niliondoka pale. Nyuma yangu nilisikia jeki ikianza kupiga tena.

Raudha alikuwa amesikia kila kitu kutoka mezani. Alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa pembe ya khanga. "We mwanamke! Ila uangalie, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwenzio anaposa, umtanie hivyo mbele za watu?"

"Raudha, hata wewe?"

"Hata mimi nini?"

Kama Raudha aliyekula na mimi, aliyelala na mimi chumba kimoja nilipougua, hakusadiki, nani atasadiki? Nilizunguka uwanja. Nilisimama kwenye ngoma, sikuona ngoma. Nilionjeshwa asali, sikumbuki ladha yake. Watu niliopishana nao walinidai kuku. Nilikuwa nataka kupanda bodaboda nirudi Chiola nikajifungie, na miguu ikawa inanirudisha kulekule.

Nikiwa katika kuzunguka huko ndipo nilipofikiria kwamba mtani unaweza kumtukana, kumwibia, kumlaza njaa. Kitu kimoja tu huwezi kumfanyia: kumheshimu.

Nilimkuta peke yake nyuma ya mahema, kwenye bomba, ananawa mikono. Nilisimama mbali kidogo, nikashusha khanga begani nikaifunga vizuri, nikasema, "Asalaam aleikum, Bwana Kasmiri."

Alifunga maji. Tangu tuzaliwe sikuwahi kumsalimu. Mimi namwanza kwa tusi, yeye ananijibu kwa tusi, ndiyo salamu yetu. Akageuka taratibu, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hajafa mtu. Naomba unisikilize. Nilichosema kwenye spika ni kweli."

Alinitazama kwa muda. Nikamwona anatafuta mahali pa kuchekea, hapaoni. Akavuta dumu akalikalia.

"Imeanza lini?"

"Sijui. Labda siku ya godoro. Nimeijua wiki hii, niliposikia habari za Mbekenyera."

"Mzee Rahimu alikuja kwenu wakati wa palizi," akasema.

"Alikuja."

"Alikwambia nini?"

Nikakumbuka. Mzee Rahimu, jirani yao wa Nandagala, alikuja amevaa kanzu siku ya kazi, na mwavuli, akakaa barazani kwetu akakohoa. Alisema ametumwa na Kasmiri, kuna mke wake amepotea, anasikia yuko Chiola. Nikamjibu subiri nikuletee. Niliingia jikoni nikachukua beseni la maji niliyooshea dagaa, nikammwagia kuanzia kofia. Mtani akituma mtu kukutania, mjumbe ndiye anayelowa, kila mtu anajua. Mzee Rahimu alicheka na yeye, akakamua kanzu, akaondoka. Kisa hicho nilikisimulia visimani na misibani msimu mzima, na kila mahali nilishangiliwa.

"Alikuwa mshenga," nilisema.

"Alikuwa mshenga. Alirudi Nandagala ananuka mpaka mbwa wakamfuata. Mama akasema basi, jibu tumepata."

"Nilidhani ni utani."

"Na mimi ningejuaje kwamba umedhani?" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Nimekuita mke wangu miaka yote hii, Sofia. Ya kwanza ilikuwa utani, sikatai. Hizo zingine unazionaje?"

Kwenye spika Faridi alikuwa anawaita washindi wa mvinyo waje jukwaani, na watu walikuwa wanapiga makofi.

"Wazee wanakwenda kuposa lini?" niliuliza.

"Walishakwenda. Ijumaa. Wamepokelewa vizuri, mtoto wa watu ameshaambiwa na amekubali."

"Raudha alisema baada ya tamasha."

"Baada ya tamasha ni harusi."

Alikuwa anakuna doa la bibo kwenye kiganja chake, ambalo halitoki, na alijua kwamba halitoki. Halafu akasema bila kuniangalia, "Dini inaniruhusu..."

"Usimalize."

Hakumaliza. Mimi nilitoka kwa Ismaily na godoro kichwani kwa ajili ya neno hilohilo alilotaka kulisema. Huyo Samia sijapata kumwona. Wiki nzima nilikuwa nimemchukia, namwombea apate surua. Lakini alikuwa ameshaambiwa, pengine alikuwa ameshaanza kuchagua vitambaa vya harusi, na mimi siwezi kumbebesha mtoto wa mwenzangu godoro. Nilimwambia Kasmiri hivyo, kwa maneno mabaya zaidi. Akaitikia kwa kichwa. Nilitamani abishe. Ningemkatalia tena, lakini nilitamani abishe.

"Basi nirudishie mtani wangu," akasema mwisho. "Hilo Bwana Kasmiri linaniogopesha."

Nilifungua mdomo nimtukane. Nilitafuta tusi, matusi yangu yote ninayoyajua, halikuja hata moja. Tukabaki tunaangaliana hivyo, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kuliko kwa yote niliyokuwa nimesema.

Shangazi Mwamina ndiye aliyetukatisha. Alitokea upande wa mahema, ameshika ming'oko kwenye karatasi, anatafuna, mwenye furaha zake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. We Sofia wewe, umenivunja mbavu na hicho kipaza sauti chako! Nimekutafuta uwanja mzima." Akamgeukia mwanawe. "Umemwambia?"

"Kuhusu Mbekenyera nimemwambia."

"Siyo hiyo. Habari ya barabara."

Kasmiri alinyanyuka kwenye dumu. "Mama, tafuta mtu mwingine."

"Mwingine nani? Mtani wa damu ndiye huyu!" Shangazi akanishika mkono, vidole vyake vina mafuta ya nazi. "Mwanangu, siku tukimleta bibi harusi kutoka Mbekenyera, wewe ndiye utakayetufungia njia. Unalala pale katikati ya barabara, gari haipiti mpaka wakupe kuku. Harusi bila mtani wa kulala barabarani ni harusi gani? Watu watasema tumeoa kwa kujificha."

Kasmiri aliangalia pembeni. Mimi nilimwangalia shangazi. Ana uso wa baba yangu, na siku hiyo ulikuwa umeng'aa. Ningekataa, angeuliza kwa nini. Ningemwambia kwa nini, angecheka.

"Nitakuja, shangazi," nilisema. "Niseme nini nikishalala?"

"Mwenyewe hujui? Unapiga kelele kwamba huyu mume wangu, mnanipokonya, mimi ndiye nilianza kumpenda, nendeni naye juu ya maiti yangu! Kama ulivyofanya leo. Ulifanya vizuri sana, kidogo mimi mwenyewe nisadiki."

"Sawa."

"Na ulie," akasema, akatia mng'oko mwingine mdomoni. "Watu wanampenda mtani anayelia."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitalia.